Kujifunza Kula Mara ya Pili

Kula ni kazi ambayo kila mtu huianza siku ya kuzaliwa kwake, wala hakuna amkumbukaye mwalimu aliyemfundisha. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa kula hakufundishwi, kama vile kupumua kusivyofundishwa. Dhana hiyo haina ukweli. Njaa hutolewa na maumbile. Lakini saa ya kula, ukubwa wa tonge, mwendo wa kutafuna na mahali pa kukoma, haya yote mtoto huyapokea kwa watu anaokaa nao, nayo humkaa kama lugha ya mama. Mimi, msomaji, nimefundishwa kula mara mbili. Mara ya kwanza sikujua kuwa nafundishwa. Mara ya pili nilikuwa na umri wa miaka 34, mwalimu niliyehitimu chuo cha ualimu, nikaketi mbele ya mtaalamu wa lishe aliyekuwa mdogo wangu kwa miaka kadhaa, kalamu mkononi na daftari jipya mezani, nikasomeshwa kutafuna. Nataka kukueleza somo hilo lilivyokuwa, maana ndani yake mna faida hata kwa mtu ambaye hatakuwa kamwe na haja ya kisu cha daktari.

Somo la kwanza nililipata nyumbani na shuleni. Nyumbani kwetu, karibu na Kakamega, tulifunzwa kuwa sahani yenye mabaki ni tusi kwa mpishi, na kwamba mgeni asiyeongezewa chakula hakukaribishwa. Katika shule ya bweni nilijifunza mbio. Kengele ilipolia tulikuwa mamia katika foleni, na aliyemaliza mapema ndiye aliyekuta githeri iliyosalia katika sufuria. Nikatoka huko hodari wa kumaliza sahani iliyojaa kwa dakika tano. Nilipoajiriwa, ustadi huo ulinifaa: chai ya saa nne, mandazi mawili na kengele ya kipindi kifuatacho, vyote hukutana ndani ya robo saa. Siilaumu nyumba wala shule. Katika ukoo uliowahi kuona njaa, shibe ni heshima. Na katika shule yenye watoto wengi, wepesi ni akili. Lakini mazoea hayana habari kwamba hali imebadilika. Jembe limekwisha badilishwa na kiti, safari ya miguu imebadilishwa na matatu, na mkono ungali unapeleka kinywani tonge lile lile la mkulima.

Katika mwaka 2022 nilikuwa na uzito wa kilo 128 na kimo cha sentimita 162. Wewe usomaye hesabu waweza kuupima unene wangu kama madaktari walivyoupima: andika kimo kwa mita, kizidishe kwa chenyewe, kisha ugawe uzito kwa jibu utakalopata. Utaona karibu 49. Kwa mtu mzima, hesabu hiyo ikifika 30 huitwa unene wa kupita kiasi. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa umekwisha niingia. Ngazi ya kwenda darasa la Kidato cha Tatu niliipanda kwa vituo vitatu, na kila kituo nilijifanya kuwa natazama uwanja. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kisukari kisichodhibitiwa hudhuru macho, figo na miguu. Nilikuwa na watoto wawili, mmoja hajaanza shule. Maneno hayo yalinikalia moyoni usiku na mchana.

Hapa nakuomba usifanye haraka kusema kuwa mtu mnene ni mlafi na basi. Unene una mizizi mingi: urithi wa wazazi, aina ya chakula kipatikanacho, kazi ya kukaa, usingizi haba, hata dawa za maradhi mengine. Tena mwili una ukaidi wake. Mtu akipunguza uzito, mwili huidhania hali hiyo kuwa ni njaa ya nchi. Huongeza hamu ya kula na kupunguza matumizi ya nguvu, mpaka kilo zilizotoka zirudi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshuka na kupanda hivyo mara tatu. Ndipo daktari aliponitajia upasuaji.

Upasuaji huo si mgeni sana duniani. Edward Mason, daktari mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alitazama wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda, akaona kuwa walikonda. Katika mwaka 1966 akaanza kuitumia njia ya namna hiyo kwa watu wenye unene wa hatari. Tangu hapo njia zimeongezeka. Katika ile niliyofanyiwa mimi, mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu, sehemu nne katika tano zikaondolewa, ikabaki njia nyembamba yenye umbo la ndizi. Sehemu iondolewayo ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999. Hivyo mtu hupungukiwa na nafasi, na njaa nayo hupungua. Sikiliza, lakini, kisichopungua: mazoea. Hakuna daktari awezaye kuyafikia kwa kisu, na kwa hiyo hospitali haikunipa siku ya upasuaji mpaka nisome kwanza.

Mtaalamu wa lishe alinipa kazi ya miezi mitatu. Kwanza niandike katika daftari kila kipitacho kinywani, saa yake na sababu yake. Wiki ya kwanza ilipokwisha tulisoma pamoja ile safu ya sababu. Neno "njaa" lilikuwamo mara chache. Mahali pengi paliandikwa "nimekaribishwa", "kengele ya chai", "nimechoka kusahihisha", na mara nyingi kuliko yote, "kilikuwa mezani". Hakunikemea. Alisema, "Mwalimu, sasa tunajua tunafundisha nini."

Masharti yaliyofuata yalikuwa mepesi kuyasikia na mazito kuyatenda. Sahani iwe ndogo. Tonge liwe dogo, litafunwe mpaka liwe kama uji, na kijiko kiwekwe chini kabla ya tonge la pili. Chakula cha kujenga mwili kitangulie: yai, samaki, ndengu, maharagwe au nyama, kisha mboga, wanga uwe wa mwisho. Maji yasinywewe pamoja na chakula, bali yangoje nusu saa baada yake. Soda ziachwe. Na sharti kubwa kuliko yote: kula kukome tumbo liridhikapo, si sahani imalizikapo. Nilihesabu matafuno mpaka taya zikauma. Katika chumba cha walimu wenzangu walimaliza chai na kuondoka, nami ningali na nusu ya yai. Lakini wahenga walisema ngozi ivute ili maji. Mazoea haya hujaribiwa kabla ya upasuaji, wakati tonge kubwa bado lasameheka. Baada yake halina msamaha.

Wiki mbili za mwisho zilikuwa kali zaidi. Wanga, sukari na mafuta vilipunguzwa sana, nikaishi kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta, mtindi, supu na mboga. Sababu yake ni ini. Ini hulala mbele ya mfuko wa chakula, na kwa mtu mnene aghalabu hujaa mafuta likawa kubwa. Daktari hana budi kulisogeza ili apate njia. Siku 14 za chakula haba hulisinyaza ini, na kazi ya daktari ikawa salama zaidi. Nilipolijua hilo, kiu yangu ya chai ya sukari ilipata kitu cha kujibizana nacho.

Nilipasuliwa Januari 2023, kwa matundu madogo tumboni. Siku iliyofuata nilianza kula upya kama mtoto mchanga. Chakula changu kilikuwa maji, funda moja dogo kwa wakati, na kikombe kimoja kikachukua asubuhi nzima. Kisha zikaja wiki za maziwa, supu iliyochujwa na uji mwepesi; kisha wiki za vyakula vilivyopondwa, ndengu na samaki wakiwa laini kama chakula cha mtoto; kisha yai na maharagwe yaliyoiva sana. Ilipita karibu miezi miwili kabla sijarudi kwenye sufuria ya jamaa zangu. Siku moja nilipeleka tonge la ugali upesi kidogo, likanasa kifuani. Nilisimama nimeshika ukuta, machozi yakinitoka, mpaka lilipopita. Tumbo langu jipya ni mwalimu mkali. Halina maneno mengi, na adhabu yake haichelewi.

Jambo lililonistaajabisha ni kuwa njaa iliponitoka, uchu ulibaki. Kabla ya hapo nilidhani kuwa ni kitu kimoja. Njaa huja polepole, nayo hukubali chochote kilichopo. Uchu huja ghafula, nao hutaja chakula kwa jina lake: chapati, si kingine, chipsi, tena za duka fulani. Njaa hutulizwa na chakula, lakini uchu mara nyingi hutaka pumziko, mazungumzo, au kulia tu. Saa nne ilipofika mkono wangu ulinyooka kutafuta andazi, hali tumbo halikuomba kitu. Dawa niliyofundishwa ni kuondoka mahali hapo kwa dakika kumi, nikatembea kuzunguka uwanja. Sasa sihitaji tena kujifanya kuwa nautazama.

Lakini mtihani uliokuwa mgumu kuliko yote ulinikuta nyumbani. Likizo ya Aprili nilikwenda kumwona mama. Kama ilivyo ada yetu alinichinjia kuku, akasonga ugali wa wimbi, akaniwekea sahani ya mtu aliyetoka safarini. Nilikula vijiko vinne vya kitoweo na tonge moja, nikanawa. Mama alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "umekula kwangu miaka thelathini na zaidi. Leo kuku wangu ana nini?" Nikamwambia, "Mama, kuku ni mtamu. Nimeshiba." Akauliza, "Umeshiba nini?" Alikuwa amekwisha elezwa habari za upasuaji, lakini kuelezwa ni jambo moja na kuona sahani iliyojaa ikirudi jikoni ni jambo lingine. Kwake chakula kile kilikuwa maneno ambayo hawezi kuyasema kwa kinywa. Nilimwelewa, nami sikuwa na njia ya kumridhisha kwa kula. Jioni nilikwenda kukaa naye jikoni, nikamenya viazi, nikamwuliza juu ya mbegu na mvua na majirani, tukazungumza mpaka moto ukafa. Asubuhi aliniletea uji katika bakuli dogo la mjukuu wake, umejaa hadi ukingoni. Bakuli hilo ndilo ninalolia kwake mpaka leo. Nimejifunza kuwa ukarimu waweza kupokewa kwa muda na kwa masikio, wala si kwa tumbo peke yake.

Usidhani kuwa kazi imekwisha. Katika mwaka mmoja na nusu nilishuka hadi kilo 84, na tangu hapo tatu zimerudi. Sukari ya damu imetulia, na daktari ameniondolea dawa, ila hunipima kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa huo waweza kurudi. Kila siku nameza vitamini na madini, nami nitavimeza maisha yangu yote, maana tumbo dogo halitoshi kuniletea chuma, kalsiamu na vitamini B12 kwa kiasi kinipasacho. Kila siku napigia hesabu protini zangu gramu 60, hali yai moja lina gramu 6 tu. Na adui wa watu wa hali yangu si karamu, karamu haiingii. Adui ni kile kidogo kidogo cha kutwa: karanga mbili, biskuti moja, funda la sharubati. Chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Nawe, msomaji, ambaye mwili wako ungali unakua, usiitoe katika habari hii sababu ya kujinyima. Kijana anahitaji chakula, tena cha kutosha, na upasuaji huu ni amri ya madaktari kwa wachache ambao unene unawatishia maisha. Lakini mna mambo matatu ambayo hayahitaji daktari. Tafuna polepole, maana ubongo huchukua dakika ishirini hivi kupata habari za shibe. Jiulize kama uitwavyo ni kwa njaa au kwa kengele. Na katika darasa lako akiwapo mwenzako mnene, usimcheke anapokula wala anapokataa kula. Huijui safu ya tatu ya daftari lake. Pengine yumo katika somo gumu kuliko lolote lililo katika ratiba, naye hulisoma mara tatu kwa siku mbele ya macho ya watu.