Matandiko ya Kiota

Anayekabidhiwa kuku wa jirani anayehama hakabidhiwi kitoweo cha kesho. Hukabidhiwa viumbe waliozoea uwanja mwingine, sauti nyingine na kona nyingine ya kutagia, nao hawana namna ya kutueleza wamepoteza nini. Ndivyo tulivyowapokea mitetea saba na jogoo mmoja hapa Isangi, familia moja ya mtaa wetu ilipopanda boti kwenda kuishi Kisangani. Msimu uliotangulia kideri kilikuwa kimepita na kuacha viwanja vingi vitupu. Kwa hiyo kuku hao wanane hawakuwa mali yetu peke yetu. Walikuwa mbegu ya mtaa mzima, na kabla hata ya yai la kwanza tulikuwa tumewaahidi majirani watatu vifaranga.

Tuliwafungia bandani kwa wiki mbili, mbali na kuku wa wengine, ili kama wamebeba ugonjwa tuuone mapema, na ili wajifunze kwamba hapo ndipo kwao. Katika siku hizo lilizuka swali ambalo wengi hulidharau: tutandike nini ndani ya masanduku ya kutagia?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mtetea wa kienyeji si mashine. Kuku wa kisasa anayefugwa kwa mayai hukaribia mayai 300 kwa mwaka. Wa kwetu hutaga kati ya 40 na 60 tu, kwa sababu baada ya mayai kumi au 15 huacha kutaga, huatamia siku 21, kisha hulea. Yai likipasuka kwenye mbao tupu, au likioza ndani ya uchafu, hasara yake haifidiwi kesho yake. Tena mtetea asiyependezwa na kiota huenda kutaga vichakani, ambako nyoka na panya humtangulia mwenye nyumba. Wote tunajua mwisho wa mtetea ambaye mayai yake hayaonekani: huishia chunguni.

Yai hutoka likiwa na unyevu, nalo lina utando mwembamba unaolilinda. Ganda lake lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kifaranga aliye ndani hupatia hewa. Kiota kikiwa kichafu na chenye maji, vijidudu hupitia vitundu hivyohivyo. Basi matandiko yana kazi tatu: kulipokea yai lisipasuke, kuliweka safi, na kumshawishi mtetea arudi.

Tukumbuke pia mahali tunapoishi. Isangi iko pale mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, na msitu haupo mbali. Yangambi, katika eneo letu hilihili, ambako kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha INEAC kilianzishwa zamani za ukoloni, hupata mvua ya milimita 1,800 hivi kwa mwaka, wala hakuna mwezi unaopita bila mvua kabisa. Kwa hiyo mfugaji wa huku hawezi kuanza kwa kuuliza ni kitu gani kilicho laini. Lazima aulize ni kitu gani kitakachobaki kikavu.

Cha kwanza kilichopendekezwa na vijana wa nyumbani kilikuwa unga wa mbao, maana wapasuaji huuacha bure msituni na kando ya mto. Tuliukataa. Unga ule ni mwembamba mno. Huruka na kuingia puani mwa kuku, na ukilowa hugandamana kama ugali. Tena haujulikani umetoka katika mti gani. Mafundi seremala wanajua jinsi vumbi la mvule linavyowasha ngozi na kusumbua kifua cha mtu mzima, sembuse kifaranga. Maranda, yale yanayotoka kwenye randa, ni bora zaidi kwa kuwa ni mapana na hunyonya unyevu, mradi mbao zisiwe zimepakwa dawa. Lakini kwetu hayapatikani kila wiki.

Cha pili kilikuwa maganda ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Hayo ni mengi, hukauka haraka, na hayaozi upesi. Kasoro yake ni kwamba ni mepesi na yanateleza: mtetea akichakura mara mbili, sakafu ya sanduku huonekana, na yai hukaa juu ya ubao. Tuliyamwaga kwenye sakafu ya banda, nako yalifaa sana.

Cha tatu kilikuwa majani makavu ya migomba, ambayo hayakosekani katika uwanja wowote. Ni laini, na kuku huyapenda. Lakini hushika maji na kuchanikachanika, na baada ya siku chache za mvua huanza kunuka. Yanafaa kwa siku mbili tatu, kama hakuna kingine.

Cha nne kilikuwa mabua ya mpunga, yaliyokatwa mafupi kama kidole na kuanikwa juani. Hayo hukaa pamoja, hufanya shimo dogo lenye umbo la mwili wa kuku, na yai hutulia katikati. Nayo yana hatari mbili. Utitiri hujificha ndani ya mabua yenye uwazi. Na yakiwekwa yangali na unyevu huota kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus, ambayo mbegu zake huingia mapafuni mwa vifaranga na kuwaua. Bua lenye harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu lisiingie katika kiota hata kidogo.

Tuliweka masanduku mawili yenye upana wa sentimita 30 hivi, moja likiwa na mabua, jingine likiwa na majani ya migomba, tukawaacha kuku waamue. Kwa siku chache waligawanyika. Mvua ya usiku ilipofuata, wote walihamia penye mabua, wakisukumana kama watu kwenye kivuko, hata tukalazimika kuyatandika kotekote.

Bibi mmoja wa mtaa, ambaye sote humwita Koko, alikuja kutazama. Alituagiza tusugue majivu makavu ya kuni katika nyufa za mbao, na tuweke majani machache makavu ya tumbaku chini kabisa ya mabua ili kufukuza utitiri. Yawe machache, alisema, kwa maana tumbaku ni sumu. Kisha akauliza: «Na nani atayabadilisha?»

Swali lake lilipita yote tuliyokuwa tumeyajadili. Tulikuwa tumelinganisha vitu vinne kwa makini kama walimu wanaosahihisha mitihani, lakini matandiko mazuri kuliko yote, yakikaa wiki tatu bila kuguswa, huwa mabaya kuliko majani ya mgomba ya leo asubuhi. Basi tulipanga zamu. Kila asubuhi mmoja wetu huondoa kinyesi na bua lililolowa. Kila Jumamosi masanduku hutolewa yote, hukwanguliwa, huanikwa, na kutandikwa upya kwa kina cha kiganja. Mabua ya akiba huning'inizwa juu ya meko, ambako moshi huyaweka makavu hata mvua ikinyesha siku nne. Tuliinua vijiti vya kulalia juu kuliko masanduku, kwa sababu kuku hupenda kulala mahali pa juu zaidi, na anayelala kiotani hukichafua. Matandiko yaliyotolewa hurundikwa yaoze kabla ya kupelekwa kwenye lenga-lenga. Wala hatuazimi matandiko kutoka banda la mtu mwingine, kwa kuwa kideri husafiri hata ndani ya nyasi.

Mtetea wa kwanza aliatamia mayai 11, wakatoka vifaranga tisa. Majirani wawili wamekwisha kupata sehemu yao. Wa tatu bado anangoja, na kwa ajili yake zamu ya Jumamosi hairuki hata mmoja wetu akiwa na safari.

Vijana wapendwa, wengi wenu mnaanza sasa kukabidhiwa vitu: kuku, bustani, wadogo zenu, fedha za kikundi. Mtaulizwa mnachagua nini, nanyi mtapenda kujibu kwa kile kinachopendeza machoni siku ya kwanza. Chagueni kile mtakachoweza kukitunza katika wiki ya mvua, mkiwa mmechoka, wakati hakuna anayewatazama. Na kama wiki hii mna mtetea anayetafuta pa kutagia, ingizeni mkono kiotani mwake hadi chini. Mkono ukitoka na unyevu, kazi yenu ya leo imekwisha kujulikana.