Barua kutoka Guangzhou: Mali Kauli Haivuki Bahari

Safari ya kufuata mzigo Guangzhou hupangwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kalenda hutangulia tiketi. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari. Mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari. Kwa majuma kadhaa, kabla na baada ya siku hiyo, viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi mikoani kwao na masoko ya jumla hushusha milango. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu ya taifa. Maonesho ya biashara ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika Pazhou, mjini humu, mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, kila msimu ukichukua takribani wiki tatu. Anayetafuta kiwanda cha kumtengenezea bidhaa yake hatapata nafasi bora kuliko hiyo, lakini anayefuata viatu vya jumla atafaidi kidogo, na atalala kwa bei ya juu kwa kuwa hoteli za mji mzima hupandisha bei.

Meli kutoka bandari za huku hadi Dar es Salaam huchukua mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, bila kuhesabu siku za kutoa mzigo bandarini. Katika miaka hii Idd el-Fitr inakuja takribani mwezi mmoja baada ya Mwaka Mpya wa Kichina. Mwenye fremu Mtaa wa Kongo anayetaka nguo za watoto zimkute dukani kabla ya Idd lazima oda yake iwe imepakiwa viwanda vikiwa bado wazi. Anayetua Guangzhou mwishoni mwa Januari akidhani amewahi, amechelewa.

Viza huombwa ubalozi wa China jijini Dar es Salaam. Herufi L ni ya utalii, herufi M ni ya biashara. Mnunuzi wa mzigo huomba M, na hutakiwa barua ya mwaliko kutoka kampuni au waandaaji wa maonesho. Karatasi yenyewe ina jambo ambalo limewaponza wengi: tarehe ya mwisho iliyoandikwa ni ya kuingia nchini, si ya kutoka. Siku za kukaa zimeandikwa mahali pake, na huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kuingia. Aliyepewa siku 30 ana siku 30 tu, hata kama tarehe nyingine kwenye viza bado iko mbali. Sheria ya China ya mwaka 2012 inaruhusu faini ya yuan 500 kwa kila siku iliyozidi hadi kufikia yuan 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu kufika anapolala. Hoteli huifanya kazi hiyo yenyewe, pale mapokezi inaponakili pasipoti. Anayefikia kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga huenda na mwenyeji wake kituo cha polisi cha mtaa, wakiwa na mkataba wa nyumba, na karatasi wanayopewa huitunza hadi siku ya kuondoka. Pasipoti yenyewe, siyo nakala, hutembea na mwenyewe. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli za Guangzhou, wakiwamo wenye karatasi kamili. Hilo halijasahauliwa huku, na jamii ya Waafrika imepungua sana tangu hapo. Waliobaki humsisitizia mgeni suala la karatasi kuliko jambo jingine lolote. Tanzania ina Ubalozi Mdogo katika mji huu, na anwani yake ni ya kuwekwa kwenye simu kabla ya kuhitajika, pamoja na namba 110 ya polisi na 120 ya gari la wagonjwa.

Anayetoka Tanzania na taslimu ya dola 10,000 au zaidi huitangaza forodha, na anayeingia China hutangaza kinachozidi dola 5,000. Noti kubwa ya huku ni ya yuan 100, ile nyekundu, kwa hiyo fedha ya mzigo wa kawaida ni bunda la noti mia kadhaa. Maisha ya kila siku yamehamia kwenye simu: hata muuza viazi vitamu vya kuchoma njiani ameweka karatasi ya kuskani. Alipay na WeChat sasa hupokea kadi za Visa na Mastercard za nje, ila Alipay hukata asilimia 3 kwa malipo ya kadi ya nje yanayozidi yuan 200, hivyo inafaa kwa chakula na usafiri, si kwa kulipia mzigo. Programu hizo zifunguliwe nyumbani, laini ya Tanzania ikiwa hewani. WeChat mara nyingi hutaka mtumiaji wa zamani amthibitishe mgeni, na kumpata mtu wa kufanya hivyo Mtaa wa Aggrey au Narung'ombe, Kariakoo, ni rahisi kuliko kumtafuta uwanja wa ndege usiku.

WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwenye mtandao wa China. Laini ya Tanzania yenye huduma ya kutumika nje huzifungua, kwa sababu data yake hupitia nyumbani, lakini gharama yake iulizwe kwanza. Ramani inayoaminika ni Amap. Anwani ya hoteli iandikwe kwa herufi za Kichina, maana dereva wa teksi hatasoma za Kilatini. Soketi za huku hazipokei pini tatu nene za nyumbani. Pawabenki isiyo na alama ya 3C, ithibati ya usalama ya China, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani tangu Juni 2025, na wanaoendelea mji wa Yiwu kwa ndege hunyang'anywa mlangoni.

Saa nazo zina gharama yake. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Huku ikiwa saa nne asubuhi na muuzaji anasubiri jibu, Kariakoo ni saa kumi na moja alfajiri na mwenye mtaji amelala. Walioungana mtaji wakubaliane bei ya juu kabisa kwa kila bidhaa kabla aliyetumwa hajapanda ndege.

Kutoka uwanja wa Baiyun, treni ya chini ya ardhi ya njia namba 3 huingia mjini, na nauli za treni hizo huanzia yuan 2. Wageni wengi kutoka Afrika hufikia Xiaobei, kwenye njia namba 5, ambako kuna migahawa ya Kiafrika na ya Kiarabu, mawakala wa mizigo, na watu wanaosikia Kiswahili. Mwislamu anayetafuta chakula atazame maandishi ya qingzhen, yaani halali, kwenye vibanda vya tambi vya Waislamu wa Kichina. Kwingineko nguruwe huingia hata kwenye mchuzi usiodhaniwa. Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa mikongwe kabisa nchini China, uko katikati ya mji. Wakatoliki huenda kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu, lililokamilika mwaka 1888.

Masoko yamegawanyika kwa bidhaa, kama Kariakoo yenyewe, ila kila soko hapa ni jengo zima au mtaa mzima wa majengo. Mabegi na ngozi ni Sanyuanli. Vitambaa ni Zhongda. Viatu na saa ni Zhanxi. Midoli, mapambo na vifaa vya shule ni Yide. Nguo za bei ya chini ni Shahe na Shisanhang, masoko yanayoamka kabla ya jua na kuanza kufunga mchana; anayefika huko baada ya chakula cha mchana hukuta wabeba mizigo wakifagia. Vigae na samani viko Foshan, taa ziko Guzhen, simu na vipuri vyake viko Huaqiangbei mjini Shenzhen. Vitu vidogo vidogo vya kila aina viko Yiwu, mkoa mwingine kabisa, na huko huendewa kwa siku zake. Kuchanganya masoko mawili katika siku moja ni kupoteza yote mawili.

Hadi hapo mazoea ya Kariakoo yanasaidia: jicho la kutambua kitambaa, subira ya kupatana bei, kumbukumbu ya nani anauza nini. Jambo moja halisaidii, nalo ndilo linalowapotezea watu mitaji. Kariakoo huendeshwa kwa mali kauli. Mwenye duka la jumla humpa muuzaji mdogo mzigo kwa neno lake, alipwe ukishauzwa, na neno hilo linasimama kwa sababu wanajuana: kwao, mtaa wao, msikiti au kanisa lao, mjomba wao mwenye duka Mtaa wa Sikukuu. Guangzhou hakuna mjomba. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na wapo wengi, lakini mwezi ujao kibanda chake huenda kikawa cha mtu mwingine, na aliye Dar es Salaam hana pa kugonga. Kilichoandikwa ndicho chenye nguvu, na kwa kampuni ya Kichina kilichoandikwa hukamilika kwa muhuri mwekundu wa duara.

Kwa hiyo kila oda iwe na karatasi, hata ya jozi hamsini za kandambili. Iandikwe namba ya bidhaa, rangi, saizi na idadi ya kila moja, bei ya kipande, idadi ya katoni, siku ya kufikishwa godauni la wakala, na anayelipa usafiri huo. Saizi ziandikwe kwa sentimita, kwa kuwa L ya huku mara nyingi ni M ya Dar es Salaam. Sampuli iliyokubaliwa ipigwe picha ikiwa juu ya karatasi hiyo, kisha sampuli nyingine ya aina ile ile ibebwe na mnunuzi. Mlango wa kibanda upigwe picha pia, pamoja na namba ya ghorofa na ya kibanda, maana kesho vibanda mia tatu vitafanana. Oda ya kiwandani kwa kawaida hulipiwa asilimia 30 kwanza na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 ndiyo fimbo pekee ya mnunuzi, na haifai kutolewa kabla mzigo haujafunguliwa na kuhesabiwa. Malipo ya kiwanda yaende akaunti yenye jina la kampuni lililo kwenye muhuri. Akaunti ya mtu binafsi iliyotumwa ghafla kwa ujumbe ni sababu ya kusimamisha kila kitu na kwenda kuuliza ana kwa ana.

Mkalimani ni winga, yaani dalali, wa huku, na kazi yake ina thamani. Alipwe kwa siku au kwa asilimia, iliyokubaliwa kabla ya kuingia sokoni, na aulizwe waziwazi kama muuzaji naye humlipa.

Mizigo mingi ya Kariakoo husafiri kwa kontena la kushirikiana. Wakala humpa mteja alama yake ya mzigo, ambayo muuzaji huiandika kwenye kila katoni, na nauli ya meli hutozwa kwa CBM, yaani mita za ujazo. Hesabu yake haihitaji fundi. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ina CBM 0.12, katoni 25 za namna hiyo ni CBM 3. Anayepima mwenyewe kwa futi kamba godaunini hana ugomvi wa baadaye. Kwa ndege hesabu hubadilika: mashirika mengi huzidisha vipimo hivyo vitatu na kugawa kwa 6,000, hivyo katoni hiyo hiyo huhesabiwa kilo 20 hata kama mizani inasoma 8. Vyombo vya plastiki na maua ya bandia ni vya meli. Vitu vidogo vyenye bei, kama vipuri vya simu, huweza kubeba nauli ya ndege.

Kontena la kushirikiana lina hatari yake: mzigo mbaya wa mtu mmoja huweza kuwazuia wote. Viatu na mabegi yenye nembo za kuigiza hupatikana kwa urahisi Guangzhou, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na msimamizi ni Shirika la Viwango (TBS). Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya TBS, ukaguzi wa ubora hufanywa huku kabla ya kupakia, na wakala aulizwe hati hiyo ataipata nani na kwa gharama ya nani. Kifurushi cha mtu mwingine kisibebwe kamwe, hata kwa rafiki wa karibu: kwa dawa za kulevya sheria ya China hufika hadi hukumu ya kifo.

Siku mbili za mwisho zisiwe za kununua. Ni za kwenda godauni, kuhakikisha kila oda imefika na alama inasomeka, kupima upya, na kuchukua kwa wakala risiti yenye idadi ya katoni na CBM. Ankara za wauzaji ziwe na bei halisi, kwa sababu forodha ya TRA hutoza ushuru na VAT ya asilimia 18 kwa thamani, na ankara ya bei ya kubuni humfunga mwenyewe siku mzigo unapopotea na fidia inapodaiwa. Nakala za karatasi zote zitumwe nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Mzigo ukifika, wakala wa Dar es Salaam hupiga simu na mteja huja na risiti yake. Katoni hupangwa, huhesabiwa, na zenye mkanda uliokatwa hufunguliwa mbele ya mtunza godauni. Upungufu huandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano, sahihi huwekwa chini yake, ndipo mkokoteni huitwa.