Krismasi Mbali na Kwao: Mmisionari Kijana na Wapangaji wa Rhonda

Mmisionari ni mtu aliyetumwa na kanisa lake kuhubiri na kuhudumu mahali asikozaliwa, na katika Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, mmisionari anayetambulika upesi zaidi barabarani ni kijana wa miaka 19 au 20, mwenye shati jeupe na kibandiko cheusi cha jina kifuani, anayetembea na mwenzake mmoja asiyeachana naye mchana wala usiku. Vijana hao ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Kanisa hilo lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na hekalu lake la kwanza nchini, lililoko Nairobi, likawekwa wakfu mwezi Mei 2025. Mvulana huweza kutumwa akiwa na miaka 18 na huhudumu kwa miaka miwili, ilhali msichana huhudumu kwa miezi 18. Wote hawalipwi mshahara, na gharama hubebwa na wao wenyewe, familia zao na Kanisa. Kwa hiyo, anayetoka nchi ya mbali hupitisha Krismasi moja au mbili ugenini katika umri ambao wengi wa rika lake bado hawajawahi kulala nje ya nyumba ya wazazi siku hiyo.

Rhonda, mtaa ambao wenyeji huuita Kwa Rhonda, uko upande wa magharibi wa jiji, jirani na Kaptembwo na si mbali na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Sehemu kubwa ya makazi yake ni ploti, yaani ua mmoja uliozungukwa na safu za vyumba vya kupangisha, ambamo kila chumba kina familia yake lakini choo, bomba na kamba ya kuanikia nguo ni vya wote. Wapangaji wametoka pande nyingi za nchi, wakavutwa na viwanda, mashamba, soko na kazi za kibarua za Nakuru, na mpangaji akiulizwa kwao ni wapi, aghalabu hutaja kijiji cha babake, hata kama amelipa kodi Rhonda kwa miaka 20 na watoto wake hawajui mtaa mwingine. Jambo hili ndilo kiini cha makala haya, kwa sababu kijana anayefika akidhani kwamba yeye peke yake ndiye mgeni huja kugundua, mwezi wa Desemba ukifika, kwamba waliompokea nao wako mbali na kwao.

Shule zikishafungwa na mvua za vuli zikielekea kwisha, mtaa huanza kupungua watu. Kwenye stendi nauli hupanda, nyakati nyingine maradufu, na wasafiri wa Kisii, Kakamega na Siaya hupanga foleni wakiwa na watoto, mablanketi na mifuko ya unga, sukari, majani ya chai na mikate ya kuwapelekea wazee. Mmisionari hasafiri, maana kanuni zake zinamzuia kutoka katika eneo alilopangiwa pasipo ruhusa. Hubaki na wale waliobaki: mlinzi wa usiku ambaye tajiri wake hajampa likizo, mama mwenye kibanda ambaye akikifunga kwa wiki moja hana kodi ya Januari, kijana aliyekosa nauli, na wale ambao suala la kurudi kwao lina maumivu ya zamani. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifanyika siku mbili tu baada ya Krismasi, na mwishoni mwa Januari 2008 machafuko yaliyoufuata yakafika Nakuru, Rhonda na Kaptembwo zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Watu waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja walitazamana kwa hofu, na wengi walihama. Mgeni anayeuliza kwa wepesi kwa nini mtu fulani haendi kwao wakati wa sikukuu hajui anagusa nini.

Nyumbani alikotoka, tuseme katika jimbo la Utah, makao makuu ya Kanisa lake, Krismasi ni ya baridi kali, ya mti uliopambwa sebuleni na ya familia iliyojifungia ndani na zawadi zake. Rhonda, jua la Desemba huwa kali na mlango huwa wazi. Mwenye chumba husogeza kitanda, hutandika magazeti juu ya meza ndogo, husukuma chapati kwa chupa tupu ya soda ikiwa hana kifimbo, na huzipanga zilizoiva ndani ya sufuria chini ya kitambaa zisipoe, huku kuku mmoja akigawanywa kwa namna ambayo hakuna mtoto wa ploti anayerudi mikono mitupu. Mgeni hupewa kiti chenye mgongo, na kukataa chakula kwa kuhurumia umaskini wa mwenyeji, jambo ambalo kijana mwenye nia njema huweza kulifanya, ni kumvunjia heshima. Haifai, hata hivyo, kuupamba mtaa kupita kiasi: zipo ploti ambazo sikukuu huwa ni pombe na ugomvi, na ipo milango ambayo haifunguliwi kwa mmisionari yeyote.

Upweke wa kazi hii umebadilika sura. Johannes Rebmann, mchungaji Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1846 akiwa na miaka 26, na hakurudi Ulaya hadi mwaka 1875, yaani baada ya miaka 29, akiwa karibu kipofu. Hata wamisionari vijana wa Watakatifu wa Siku za Mwisho, hadi Februari 2019, waliruhusiwa kuzungumza na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Krismasi na Siku ya Akina Mama. Tangu hapo wanaweza kupiga kila wiki katika siku ya maandalizi, ambayo ni siku ya kufua, kununua chakula na kuandika barua. Mabadiliko hayo ni ya utu na yanastahili kusifiwa. Lakini wakati Rhonda ni saa moja jioni, Utah ni saa tatu asubuhi na zawadi ndiyo kwanza zinafunguliwa, na kijana anayeuona mti wa kwao kwenye kioo cha simu, kisha akainua macho na kuona chumba cha mabati, huweza kuishi Desemba nzima asiwe huku wala kule.

Swali lililo zito zaidi ni lile la kinachobaki mgeni akishaondoka, kwa kuwa vijana hawa huhamishwa kutoka eneo hadi eneo, na mtoto aliyezoea jina lililo kwenye kibandiko huamka siku moja akakuta jina jingine. Hapa mfano wa Jimbo Katoliki la Nakuru, lililoanzishwa mwaka 1968, unafundisha. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi, madini ambayo yakizidi hutia meno rangi ya kahawia na hatimaye hudhuru mifupa, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Jimbo hilo lilianzisha kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao hunasa floridi, na kazi hiyo haikutegemea uso wa mgeni mmoja. Kijana anayehudumu kwa miaka miwili hawezi kujenga kitu cha namna hiyo peke yake, na si haki kumdai. Anachoweza ni kukaa na waliobaki, kula nao na kujifunza majina yao, na uamuzi wa makala haya ni kwamba hilo lina thamani kuliko zawadi zozote za Desemba.

Safari hii sasa ni ya pande zote mbili. Vijana wa Kenya nao huitwa, wakapitia vituo vya mafunzo kama vile cha Accra, wakapelekwa nchi wasizozijua, na mashirika ya Kikatoliki kama Consolata, lililoleta mapadre wake Kenya kutoka Italia mwaka 1902, hutuma Wakenya kuhudumu mabara mengine. Baadhi yao hujikuta Desemba katika mtaa wenye theluji, ambapo jirani hagongi mlango bila miadi na sikukuu hufungiwa ndani. Familia za Afrika Mashariki zinazoishi ughaibuni, ziwe za kanisa lake au la, zimtafute mapema kijana wa namna hiyo aliye karibu nazo, zimuulize siku ya Krismasi atakula wapi, na zimwekee kiti.