Taa Inayoitika kwa Mbali

Wengi wenu mmekwisha kupigwa picha usiku arusini, na picha ilipokuja mkaona nyuso zenu zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na ukutani nyuma yenu kivuli cheusi kama mtu wa pili. Sababu ni kwamba flashi ilikuwa juu ya kamera, ikawapiga usoni moja kwa moja. Jua la asubuhi halimwangazii mtu hivyo. Huja kwa upande, likaacha shavu moja kivulini, na kwa kivuli hicho twaona umbo la uso. Basi afadhali mpiga picha aiondoe taa juu ya kamera, aiweke kando.

Lakini taa iliyo mbali itajuaje wakati wa kuwaka? Waweza kuifunga kwa waya, nao waya hukwaza watu miguu. Siku hizi viko vyombo viwili vidogo viitwavyo triga: kimoja hukaa juu ya kamera, cha pili chini ya flashi. Ubonyezapo kitufe, cha kwanza hupeleka ishara kwa mawimbi ya redio, cha pili huipokea na kuiwasha taa. Sharti vyote viwe katika chaneli moja, wala isiwe chaneli ya mwenzako, msije mkawashiana taa.

Ndani ya kamera nyingi mna mapazia mawili. La kwanza hufungua, la pili hulifuata na kufunga. Ukiharakisha kupita kiasi, na kwa kamera nyingi kiasi hicho ni kama sehemu 1 ya 200 ya sekunde, pazia la pili huanza safari kabla la kwanza halijafika. Hubaki ufa tu, na flashi huangaza ukanda mmoja wa picha. Penginepo ni giza. Mawimbi yenyewe hayana lawama: hwenda kilometa 300,000 kwa sekunde.

Mwaka jana naliitwa kwa mzee mmoja wa kijijini, asiyeweza tena kuondoka kitandani. Watoto wake hawakuwa na picha yake ila ile ndogo ya kitambulisho. Chumba kilikuwa chembamba, dirisha moja, na jua limekwisha kushuka. Nikaisimamisha taa nje, nikatundika shuka nyeupe dirishani ili mwanga uwe laini. Triga zile zinazongoja kuona mwanga wa taa nyingine zingeshindwa hapo. Mawimbi ya redio yalipita ukuta wa udongo.

"Mwalimu," akasema mzee, "usinifanye kijana."

Nikamjibu kwamba chombo changu hakina uwezo huo. Picha ya kwanza ilikuwa na giza. Nikaongeza nguvu ya taa toka robo hata nusu, papo hapo nilipokuwa, kwa kitufe cha triga. Wajukuu nje walihesabu kila mmweko kwa makelele. Katika picha ya sita kovu la kipaji chake likaonekana wazi. Mkewe akaitazama kitambo, akasema, "Huyu ndiye."

Mtakaonunua triga, toeni betri kila mwishapo kazi. Zikisahauliwa humo muda mrefu huvuja, na chombo huharibika.