Khanga za Kampeni, Tandika na Tandale

Tandika, Temeke, asubuhi. Mama lishe anayeniuzia chapati amevaa fulana ya chama kimoja na kujifunga khanga ya kingine. "Hizi za kazini tu, kaka yangu," ananiambia. Kinachomnyima usingizi ni marejesho ya mkopo wa kausha damu, wenye riba kali, na wenzake waliokaa kwenye benchi wanakijua kilio hicho. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Katikati hapo wengi waliangukia kwa wakopeshaji wa mitaani. Ukitaka kuijua siasa ya Tandika, anzia hapo.

Tandale, upande wa Kinondoni, kilio ni kingine. Akina mama wanaopepeta nafaka sokoni wanazungumzia Mto Ng'ombe: mvua kubwa ikinyesha, nani atabeba godoro na nani atabeba mtoto. Riba inawauma pia, ila maji yakiingia ndani hayangoji tarehe ya marejesho.

Mitaa miwili ya jiji moja, mahitaji mawili, na bado wagombea huleta hotuba ileile: mama ni nguzo ya familia, mama ni jeshi kubwa. Kisha nyimbo, kisha khanga. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani naiheshimu, kwa kuwa aliyeitunga aliitazama shida yenyewe. Za namna hiyo ni chache mno.

Jiji hilihili liliwahi kuona njia nyingine. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, aliwafuata wanawake kwenye vikundi vyao vya lelemama, mahali walipokwisha kuwa na viongozi wao na michango yao. Ndani ya miezi michache TANU ikapata maelfu ya wanachama wanawake. Hakuwakusanya ili wampigie makofi mgeni. Alizungumza nao kama mwenzao.

Leo tuna viti maalum bungeni, na nafurahi kwamba vipo. Lakini orodha ya majina hupangwa ndani ya chama, na mama wa Tandika hampigii kura mbunge wa viti hivyo kwa jina. Ndiyo maana hamdai chochote.

Enyi viongozi wa vyama, CCM na wapinzani: kabla ya kuagiza khanga nyingine, nendeni mkakae kwenye kikoba cha akina mama siku ya hesabu, msikilize mpaka daftari lifungwe.