Gitaa, Kisanduku, na Masikio Yetu

Katika vijiji vyetu siku hizi si ajabu kusikia gitaa la umeme. Kwaya nyingi zinalo, na bendi za vijana zinalo. Lakini gitaa hilo lenyewe ni nusu ya chombo tu. Ukilipiga bila kuliunga na kitu, halisikiki hata mlangoni. Nusu yake ya pili ni amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, pamoja na spika yake. Na sasa pana kitu kingine kilichoingia mahali pa amplifaya: kisanduku cha dijitali kinachoiga sauti za amplifaya za namna nyingi. Nataka kuzungumza nawe juu ya kisanduku hicho, maana nimeona watu wakikisifu kupita kiasi, na wengine wakitaka kukitupa kabla hawajakijua.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa na daftari la fedha, si ufundi wa umeme. Gitaa nilijifunza katika chuo cha ualimu, na mpaka leo napiga gitaa la rithimu katika kwaya yetu. Basi nayasema haya kama mtu anayepiga, na pia kama mtu anayeandika kila shilingi inayotoka kununua vyombo.

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani kinachoigwa. Huko Fullerton, California, katika nchi ya Marekani, Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938. Baadaye akawa mtengenezaji mashuhuri wa magitaa na amplifaya. Moja ya amplifaya za kampuni yake, Twin Reverb, iliyotoka mwaka 1963, yasifiwa hata leo kwa sauti safi. Jijini London, Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki, alianza pamoja na mafundi wake mwaka 1962 kuunda amplifaya kwa kufuata mfano wa moja ya zile za Fender. Yake ikajulikana kwa sauti ya kukoroma. Huko Dartford, Uingereza, ikatoka Vox AC30.

Zote hizo zilitumia valvu, zile chupa za kioo ambazo wazee wetu walizijua katika redio za zamani, zinazongojewa mpaka zipate moto. Valvu ina tabia yake. Ukiitwika kazi kupita uwezo wake haikatai kwa ghafula, bali huibana sauti kidogo kidogo na kuitia mkwaruzo mtamu. Ukipiga nyuzi polepole, sauti hutoka safi. Ukizipiga kwa nguvu, hukoroma. Wapigaji wakaizoea tabia hiyo kama mkulima azoeavyo mpini wa jembe lake. Lakini mashine hizo ni nzito, Twin Reverb yapata karibu kilo 30, na valvu zake huchakaa. Kwetu sisi kupata nyingine ni taabu.

Ndipo mafundi wa kompyuta walipoingia. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995. Mwaka 1996 Line 6 ya California ilitoa amplifaya iitwayo AxSys 212, iliyoweza kuiga amplifaya nyingine, na mwaka 1998 ikatoa POD, kidude cha kubebwa mkononi. Baadaye zikaja Fractal Audio ya Marekani, Kemper ya Ujerumani na Neural DSP ya Finland. Leo iko hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, ambayo mwenye kompyuta aweza kuitumia.

Vyombo hivi hufanyaje kazi? Kisanduku huupima umeme utokao katika gitaa mara nyingi sana, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde moja, na kuugeuza kuwa namba. Kisha huzifanyia namba hizo hesabu, na kuzirudisha kuwa sauti. Hesabu zenyewe zapatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuichunguza amplifaya ya kweli kiungo kwa kiungo na kuandika tabia ya kila kiungo. Njia ya pili ni kupitisha sauti za majaribio ndani ya amplifaya na kuzilinganisha zinazoingia na zinazotoka. Ya kwanza ni kama kujifunza mapishi: waweza kuongeza chumvi au kupunguza. Ya pili ni kama kupiga picha: hukuonyesha amplifaya jinsi ilivyokuwa imewekwa siku ile.

Sasa nikueleze yaliyotupata sisi. Kwaya yetu ilikuwa na amplifaya ya valvu iliyoachwa na padre mmoja mgeni. Ilipoungua, fundi aliifungua, akaitazama, akatikisa kichwa. Basi tukachanga. Mwaka mzima tulilima shamba la mahindi la kwaya, na akina mama wakauza maandazi kila siku ya gulio. Fedha ilipotosha tulinunua mjini kisanduku kilichokwisha kutumika, tukakiunga moja kwa moja na miksa na spika kubwa za kanisani.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama nyuki waliofungiwa katika debe. Mpigaji wetu wa gitaa la solo ni mzee aliyepiga katika bendi za dansi miaka ya 1970. Alipiga wimbo mmoja, akaliweka gitaa chini, akaenda kukaa pamoja na waimbaji wa besi. Jumapili iliyofuata hakuligusa, wala ile ya pili yake. Kijana mmoja akashika nafasi yake kwa muda. Akina mama wa maandazi wakaanza kuniuliza, kwa kuwa daftari ninalo mimi: “Bwana Karani, fedha yetu imekwenda wapi?” Halmashauri ya kwaya ikasema kiuzwe, hata kwa nusu bei. Niliwaomba wanipe Jumamosi mbili.

Katika Jumamosi hizo tuliona mambo manne, nami nakuandikia yote, maana yaweza kukusaidia hata kama kisanduku chako ni cha kampuni nyingine.

La kwanza ni spika. Uzi mnene wa gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Juu ya hapo zipo sauti nyembamba nyingi, na mkwaruzo wa amplifaya huzizidisha. Spika ya amplifaya ya gitaa, ikifika mitikisiko kama 5,000 kwa sekunde, huanza kuishiwa nguvu. Hivyo huzichuja zile kali zinazochoma masikio. Spika za kanisani hazichuji. Zimeundwa zipeleke kila kitu, hata mitikisiko zaidi ya 15,000. Kwa sababu hiyo kisanduku huiga pia sanduku la spika na maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Katika chetu, sehemu hiyo ilikuwa imezimwa. Mwenyewe wa kwanza alikitumia pamoja na amplifaya yenye spika ya gitaa, kwa hiyo hakuihitaji. Tulipoiwasha, nyuki wakatoka katika debe. Ndivyo ilivyo kanuni: ukiunga na miksa au spika za masikioni, iwashe, ukiunga na amplifaya yenye spika ya gitaa, kwa kawaida izime.

La pili ni kimo cha sauti. Kijana wetu alikuwa amekipanga kisanduku nyumbani usiku, kwa sauti ya chini, asiwaamshe wadogo zake. Kwake kilikuwa kitamu. Kanisani besi ilivuma na sauti za juu zilichoma. Sababu yake wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, waliieleza tangu mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio husikia vibaya besi na zile nyembamba sana, bali zile za kati husikika vema. Basi mtu anayepanga kwa sauti ndogo huongeza besi na ukali ili masikio yake yaridhike, na sauti ikikuzwa nyongeza hiyo huwa mzigo. Dawa yake ni moja. Panga mahali utakapopigia, kwa kimo kile kile utakachopigia, na kinanda, gitaa la besi na waimbaji wakiwapo. Mmoja wenu aende akasimame mlango wa nyuma asikilize, kwa kuwa huko ndiko wasikilizaji waliko.

La tatu ni mkwaruzo na mwangwi. Sauti nyingi zilizopangwa tayari na viwanda zina vitu hivyo viwili kwa wingi, ili zimpendeze mtu anayejaribu peke yake dukani. Kanisa letu lina bati juu na kuta tupu. Mwangwi tunao bure. Tukauzima ule wa kisanduku. Mkwaruzo tukaupunguza mpaka ukasikika tu nyuzi zilipopigwa kwa nguvu. Kumbuka muziki wa dansi uliotulea, wa akina Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, na Franco wa Kongo, aliyefariki mwaka 1989. Humo magitaa mawili au matatu husemezana, kila moja na njia yake, na solo husikika wazi juu ya rithimu. Ukiyatia yote mkwaruzo mzito, yatakuwa uji. Badala ya ukali, tuliongeza kidogo sauti za kati, ambamo gitaa husema.

La nne ni uchaguzi. Kisanduku chetu kina amplifaya nyingi za kuigwa, na kijana alizipitia zote usiku baada ya usiku, leo hii, kesho ile. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Tulichagua amplifaya moja tu, ile inayoiga Twin Reverb, na sanduku moja la spika. Kisha tukaisogeza maikrofoni ya kuigwa kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni, maana katikati sauti huwa kali na ukingoni huwa laini. Hapo palitusaidia kuliko vitufe vingine vyote. Tukaihifadhi sauti hiyo ya kwanza katika orodha, tukaziacha nyingine.

Wapo waliosema pia kwamba kisanduku huchelewesha sauti. Kweli huchelewesha, lakini kwa vyombo vizuri ni elfu chache tu za sekunde. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Basi elfu tatu za sekunde ni kama kusimama mita moja mbali na spika. Hilo halikumkosesha mpigaji yeyote wimbo.

Jumamosi ya pili nilimwendea mzee nyumbani kwake. Sikumwambia kwamba kisanduku ni kizuri. Nilimwomba aje atusikilizie tu. Alisimama mlango wa nyuma wakati kijana akipiga. Kisha akaja mbele bila kusema neno, akalichukua gitaa, akapunguza sauti katika gitaa lenyewe, akapiga kwa kidole gumba. Sauti ikatoka safi. Akaongeza nguvu, nayo ikakoroma kidogo. Akapiga hivyo muda mrefu.

“Mzee, waionaje?” nikamwuliza.

“Mwanangu, hii si ile,” akasema. “Ile niliisikia mpaka miguuni. Lakini hii yaniitikia.”

Maneno yake ni ya kweli, wala sitaki kukudanganya. Amplifaya ya valvu ikikaa nyuma yako, hewa yake hukusukuma. Kisanduku hakikupi amplifaya iliyo chumbani. Hukupa amplifaya iliyosikiwa na maikrofoni, kama tunavyoisikia katika sahani na kanda. Basi ukitaka kukipima kwa haki, kilinganishe na wimbo uliorekodiwa, si na mashine iliyo kando ya mguu wako. Sisi tulimwekea mzee spika moja ndogo karibu naye, ikampunguzia upweke. Sasa anapiga Jumapili moja, kijana anapiga nyingine, na katika mazoezi kijana hukaa mbele yake akiitazama mikono. Kisanduku hakikuuzwa. Akina mama bado huniuliza habari za fedha, lakini sasa ni za kununulia gitaa la pili.

Ndugu msomaji, ikiwa kwaya yenu au bendi yenu inachanga, usiwaache wakanunue kwa sifa za jina. Nendeni dukani na gitaa lenu wenyewe, na mpigaji wenu mwenyewe. Ulizeni kama chombo kina sehemu ya kuiga sanduku la spika, na jinsi ya kuiwasha na kuizima. Ulizeni kinatumia umeme gani na kama kifaa chake cha umeme kimo, hasa ninyi mnaotumia nguvu ya jua. Mkifika nyumbani, kabla ya kukilaumu, mpeni mtu mmoja mwenye subira Jumamosi mbili. Na yule mzee aliyeliweka gitaa chini, mwendeeni mapema. Masikio yake yamejua sauti nzuri tangu kabla kisanduku hicho hakijaundwa.