SEHEMU YA 6: Siku niliyochelewa mimi

Leo siongelei uji wala dawa ya minyoo. Leo naongelea njia.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Milima yetu ni majabali yaliyosimama peke yake, unaizunguka tu unaendelea na shughuli zako. Nilipohamia Newala nikaona tambarare, mikorosho na mchanga, kumbe nipo juu ya mlima. Nenda Shimo la Mungu asubuhi baada ya mvua uone: ukungu umejaa bondeni kuelekea Ruvuma kama bahari, na wewe umesimama ukingoni kama mtu wa kisiwani.

Sasa chini ya ukungu ule kuna kina mama wanaopanda kuja kliniki.

Mwezi wa pili mmoja alifika saa tano. Sisi tunaanza saa mbili. Mwanawe alikuwa amepitiliza chanjo ya surua ya miezi 9 kwa wiki tatu. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, tarehe kwenye kadi sio pambo." Hakujibu kitu. Matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Niliyaona, sikuuliza.

Mwezi wa tatu huduma ya mkoba ikaniangukia mimi, kijiji cha bondeni. Mvua ilikuwa imekata barabara, bodaboda wakatushusha ukingoni. "Kuanzia hapa ni miguu, nesi."

Jamani! Mteremko ule bado una msitu, miti ambayo wazee wanasema waliikuta. Majani yanadondosha maji hata mvua ikishakatika. Mizizi inateleza kama sabuni. Kisanduku cha chanjo kinakuvuta bega, na huwezi kukiacha nyuma, maana chanjo zile zinatakiwa zikae kwenye nyuzi joto 2 mpaka 8. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa palepale kwenye tope nikalia kidogo, siwafichi.

Tukapishana na bibi mmoja anapanda na fimbo yake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, pole. Sisi tulikuwa tunapanda hapa na maji kichwani." Ni kweli. Huku juu hakuna mito, mchanga unanyonya mvua yote na chemchemi zinatokea chini. Kabla ya mabomba, wanawake walishuka na kupanda kwa ajili ya ndoo moja.

Tulikuwa tumetangaza saa tatu. Tulifika saa sita na nusu. Kina mama walikuwa chini ya mwembe, watoto wamelala mapajani. Aliyekuja kunipokea ni nani? Yule yule wa matope. Akaniletea maji kwenye kopo ninawe miguu, akasema, "Pole na njia, nesi."

Hakuna aliyeniuliza saa.

Nilimsema mbele ya watu, basi nikamwomba radhi mbele ya watu. Akacheka, akanipa mtoto nimbebe.

Tangu siku ile, mama akichelewa namuuliza kwanza, "Umepita njia gani?" Mara nyingi jibu linatosha.

Na ninyi mama zangu, shikeni haya matatu. Kwanza, chanjo iliyochelewa bado inachomwa. Usikae nyumbani kwa kuogopa kusemwa, njoo hivyo hivyo. Pili, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea hazinduki vizuri, usisubiri mvua ikatike wala siku ya kliniki. Amsha watu, ondokeni. Tatu, kama una mimba na unakaa bondeni, mwezi wa tisa usikukute huko. Mapema panda ukakae kwa shangazi, kwa dada, kwa yeyote aliye karibu na kituo. Na kina baba mnaosoma kimyakimya, nauli na mfuko wa nguo viandaliwe sasa, sio usiku wa uchungu.

Kupanda kurudi juu? Hiyo ni Sehemu ya 7. Usiku mwema.